Grisi na Mifupa ya Aipili

Kwii. Halafu kimya. Halafu kwii tena, ndefu, kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Ilitoka nyuma ya nyumba, ikapenya ukuta, ikamfikia baba kitandani.

"Aipili, nani anampiga mbwa?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Si mbwa, mke wangu Uliipika," baba alisema, macho kafumba. "Ni pikipiki ya theluji ya mama yangu, na aliyeikalia ni mdogo wangu Juanasi. Mama, chombo chako kinalia njaa, na wewe umekaa hapa unanitazama kama nyama isiyoiva."

Mama aliyekuwa akiambiwa hivyo ni mimi, kijana mwenye ndevu. Nilizaliwa majira yaleyale ya baridi aliyofariki bibi, mzaa baba, nikapewa jina lake, Uviluq. Kwetu huku kaskazini kwenye barafu jina la marehemu haliji peke yake, huja na mwenyewe. Tangu nanyonya baba aliniita mama, nami nilipojua kusema nilimwita mwanangu. Shuleni hakuna aliyenicheka, maana kila mtoto pale alikuwa shangazi au babu wa mtu mzima fulani.

Juanasi aliingia akikung'uta theluji kwenye viatu.

"Ile siyo pikipiki, ni nyundo," alisema. "Imenipiga matako kutoka dukani mpaka hapa."

"Nani alikuruhusu kuipanda?" nilimuuliza.

"Mama, usinigombeze mbele ya kaka yangu."

Baba alicheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, kikohozi kikamfanya ashike mgongo. Madaktari wa kusini walikuwa wamemrudisha kwa ndege mwezi uliopita. Saratani ilikuwa imeingia mifupani, na hawakuwa na la kufanya tena ila kumpa vidonge vya maumivu.

Baba alitaka kitu kimoja tu: kufika Qinngu, mwisho wa hori la bahari, alikozaliwa ndani ya hema na alikozikwa mama yake chini ya mawe. Ni mwendo wa nusu siku juu ya bahari iliyoganda. Ulikuwa mwezi wa tano, jua halizami, na barafu ilikuwa imekwisha kuanza kuyeyuka kingoni.

"Nesi amekataa," mama alisema. "Nami nakataa. Kitelezi cha mbao kinachovutwa nyuma ya pikipiki hakina springi. Kila tuta litamwingia uti wa mgongo."

"Nitakaa kwenye kiti cha pikipiki," baba alisema.

"Kile kinacholia?"

"Basi ni shauri la mama yangu. Simsikilizi nesi, wala mke. Mama akisema naenda, naenda."

Wote watatu walinigeukia. Damu ilinipanda kichwani kwa fahari, maana nilijua tatizo la chuma kile na nilijua dawa yake. Shafti za nyuma zilikuwa zimekauka grisi. Shafti isipozunguka, springi haibonyei, na tuta lote humpanda aliyekaa juu.

"Nipeni leo," nilisema. "Kesho kiti kile kitakuwa mto wa manyoya."

Niliinua mkia wa pikipiki, nikaulaza juu ya kreti, nikafungua bolti za pembeni. Chuma chote cha nyuma, na reli zake na shokapu zake, nilikivuta nje ya mkanda wa mpira unaoisukuma juu ya theluji, nikakitandaza juu ya ngozi kuukuu ya kulungu.

"Ingiza ukumbini, kuna joto," Juanasi alisema.

"Chuma baridi kikiingia kwenye joto kinatoka jasho. Nikikirudisha nje, jasho lile ni barafu. Hujui?"

Alienda, akarudi na birika linalotoa mvuke. "Basi maji ya moto. Uchafu wote utayeyuka."

"Na usiku yatagandia ndani ya bushi za shafti. Kanywe chai yako, mwanangu. Umezeeka bila kukua."

"Siku ulipokufa tulilia sana," Juanasi alisema, akijimiminia kikombe. "Sijui kwa nini."

Nilisugua kutu shafti moja baada ya nyingine. Nilifuta vitundu vya kutilia grisi, nikaunganisha bomba la grisi, nikasukuma. Mwanzo hakikutoka kitu. Kisha likatoka tone la maji ya kahawia, kisha mchanga, kisha grisi nyeusi kama lami. Nilihamia kitundu cha pili.

Dirisha liligongwa. Baba alikuwa ameegemezwa kwenye mito, uso umebandikwa kiooni. Mama alifungua upenyo.

"Umeacha ikiwa nyeusi," baba alisema. "Rudi. Mpaka itoke safi."

"Naijua kazi yangu. Lala, mwanangu."

"Nitalala sana. Rudi."

Nilirudi, nimekasirika, nikasukuma mpaka grisi ikatoka na rangi yake ileile ya mkebeni. Nikafanya hivyo kila mahali. Springi nikazilegeza kwa mtu mwepesi, maana baba alikuwa amebaki mwepesi. Nilipokwisha kurudisha kila bolti nilipanda juu ya kiti nikaruka kwa uzito wangu wote. Kilizama, kikapanda, bila sauti. Juanasi naye akaruka. Kisha akanipa sigara.

Asubuhi tulimvika baba nguo za manyoya, nikamkalisha nyuma yangu, mama akatufunga pamoja kwa shali lake, kifua cha baba mgongoni kwangu, kama mtoto anavyobebwa. Nilikuwa nimemwambia mama kwamba tutakwenda kwanza mpaka rasini, ng'ambo ya ghuba. Chombo kikimbeba vizuri, safari ianze kesho. Hilo alilikubali.

Theluji ya ghuba ilikuwa laini. Baba aliimba kwa pua wimbo wa kuwaita mbwa, wa enzi mbwa walipovuta vitelezi. Chini yetu chuma kilizama na kupanda kimya, nami nilijiona nimeyashinda mauti kwa bomba la grisi.

Kisha tukafika barafu iliyokunjamana karibu na rasi, inakopasuliwa na maji kupwa na kujaa. Nilipita polepole kuliko mtu anayetembea. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Wimbo ulikuwa umekoma. Kwenye la tatu nilihisi kitu kikivuta kofia ya koti langu kisogoni, kikivuta kwa nguvu, kikiachia, kikivuta tena. Nilisimama, nikageuza shingo.

Baba alikuwa ameuma manyoya ya kofia yangu ili asipige kelele. Mdomo ulikuwa na damu.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Sijasikia chuma hata kidogo. Endelea."

Niliangalia mbele. Kutoka pale mpaka Qinngu barafu ilikuwa hivyohivyo, tuta juu ya tuta, mpaka macho yanapoishia. Mashine yangu haikuwa na kosa. Ningeweza kuilegeza tena, kuilisha mkebe mzima, na bado hakuna kitundu cha kutilia grisi kwenye mfupa wa mtu.

"Hapana, mwanangu," nilisema. "Tunarudi."

"Nimesema endelea."

"Huendi Qinngu. Nimekataa."

Alinipiga bega kwa ngumi isiyo na uzito. "Wewe ni mtoto. Mimi ndiye niliyekuzaa, Uviluq, nakuamuru."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina. Lilinichoma. Hasira ilinipanda, nikatafuta wa kumtupia, na hapakuwa na mtu pale ila barafu.

"Jana ulisema mama ndiye ataamua," nilimwambia. "Mama ameamua."

Alilaza paji la uso kisogoni kwangu. Alilia bila kujificha, na machozi yake yaliniingia shingoni yakiwa ya moto kisha baridi. Nilimwacha alie.

"Basi mtaniweka wapi?" aliuliza hatimaye. "Kule makaburini nyuma ya uwanja wa ndege, nisikilize injini?"

Niliipitisha mikono yangu nyuma, nikamshika miguu yote miwili.

"Hapana. Sikiliza, mwanangu. Siku maumivu yatakapokwisha nitakupeleka Qinngu mwenyewe. Barafu ikiwa imekatika nitakupeleka kwa mashua, na mashua ikishindwa nitangoja pamoja nawe mpaka bahari igande. Nitakulaza kando yangu, chini ya mawe yaleyale, na hakuna atakayekuhamisha."