Sarufi ya Kugeuziana Migongo

Mimi nilijiandikisha kusoma Kiingereza kwa sababu ya hasira. Nilikuwa nimekwenda Ndola, Zambia, kununua vitambaa, na muuzaji akanizungusha nusu siku huku akicheka na wenzake mbele yangu kwa lugha nisiyoielewa. Nikarudi Lubumbashi na mzigo wa rangi ya zambarau ambayo hakuna mwanamke mwenye akili timamu angeivaa hata msibani. Nikasema basi, mtu wa Maniema hachekwi mara mbili. Parokia ya mtaa wetu, huku pembezoni mwa wilaya ya Annexe, ilikuwa na masomo ya bure kwa watu wazima, alasiri baada ya kazi. Nami Mwislamu nikaingia na mtandio wangu, nikakaa chini ya msalaba. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Mwalimu alikuwa kijana mrefu aitwaye Sylvain, shati limenyooshwa pasi hadi kola inakata. Siku ya kwanza aliandika ubaoni sujet, verbe, complément, yaani kiima, kitenzi, kijalizo. Akatuambia tusiogope, sarufi ya Kiingereza ni nyumba ileile ya Kifaransa tuliyoijua shuleni, ila wenyewe wamehamisha viti. Nilikuwa ndiyo kwanza ninaanza kumwamini, mlango ukafunguliwa akaingia mama Albertine.

Mama Albertine ni jirani yangu. Analima mboga za majani, sombe na lengalenga, nyuma ya nyumba yake, ana sauti ya kufukuza mbuzi wa mtaa mzima, na sijawahi kumwona akimwogopa mtu. Lakini alipomwona mwalimu alipiga yowe, akajifunika kitenge chake kichwa kizima na kuugeukia ukuta. Mwalimu naye akadondosha chaki na kujitupa nyuma ya ubao. Ule ubao ulikuwa wa miguu, kwa hiyo viatu vyake tuliendelea kuviona.

"Mwizi!" nikapiga kelele, maana sikuona sababu nyingine.

"Kaa chini, mama Rehema," akasema baba Chishimba, mzee mstaafu wa reli aliyekaa mbele yangu. "Hapana mwizi. Ule mwalimu njo mukwe wake. Alioa mutoto wake, Bénie. Ni bukwe!"

Nikaelezwa bukwe, na ninaieleza hapa kwa wasioijua. Kwa akina mama Albertine, watu wa Pweto, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawaitani majina, hawali pamoja, hawasemezani. Mmoja akitokea njia hii, mwenzake anaingia vichakani. Hiyo ndiyo heshima, na hulegezwa tu mtoto wa kwanza akishazaliwa na vyakula vikishapelekwa kwa wakwe. Mama Albertine hakuwa amejua nani anafundisha, na Sylvain hakuwa amejua nani anakuja kusoma. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aondoke. Hakuondoka mtu.

Baba Chishimba, ambaye hakuna desturi ya Katanga asiyojifanya hakimu wake, akatoa hukumu. Mama Albertine atakaa nyuma kabisa, ameupa ubao mgongo. Mwalimu hatamsemesha. Maneno yote yatapitia kwa mtu wa kati, na mtu huyo asiwe wa ukoo wao wala wa dini yao. Wote wakanigeukia mimi.

"Nimekuja kusoma, sikuja kuwa bomba la maji," nikasema.

"Njo vile utasoma zaidi," akasema baba Chishimba.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimuuliza mama Albertine, kwa ukali kidogo, Kiingereza anakitafutia nini hata ajitese hivyo. Akasimama katikati ya vumbi.

"Mama Rehema, Bénie eko na mimba ya kwanza. Kwetu, mimba ya kwanza banazalia kwa mama. Sasa ule bwana amepata kazi ya kufundisha Français kule Solwezi, mu Zambie. Anataka kumupeleka kisha ya Noël, mbele ya kuzaa. Nilimutuma Stanislas, mudogo wa marehemu bwana yangu, njo mujumbe wetu mu bukwe. Kila mara anarudia tu na 'tutaona, tutaona'. Tutaona nini?"

"Na Bénie mwenyewe anasema nini?"

"Anasema, 'Mama, uliza bwana yangu.' Na miye siwezi kumuuliza!" Akajipangusa macho na ncha ya kitenge. "Kama batamupeleka, mutoto atakulia kule. Atasema Anglais. Nitamusemesha na nini, na mikono?"

Mdomo ukaniwasha. Nikamwambia kesho mimi nitamkalisha mwalimu chini na kumwambia waziwazi.

"Weye? Weye uko nani mu bukwe yetu?" Alinitazama kama mtu aliyetaka kuingia jikoni kwake na viatu. "Ujumbe ya bukwe iko na njia yake. Ukipitisha fasi ingine, ni matusi. Wacha."

Nikaacha, lakini sikuacha moyoni. Wanasema mjumbe hauawi. Huyo Stanislas, kwa maoni yangu, alistahili walau kofi.

Basi tukasoma hivyo, na kama kuna mtu aliyewahi kusoma sarufi kwa namna hiyo, aje tulinganishe. Mwalimu akitaka kujua kama mama Albertine ameelewa, alisema, "Mama Rehema, muulize mama wa karibu nawe anaishi wapi." Nami ninamuuliza kwa Kiingereza, naye anaujibu ukuta. Nalibeba jibu hadi mbele, mwalimu anaita kosa, nalirudisha kosa nyuma, mama Albertine ananigombeza mimi kana kwamba nimelitengeneza njiani. Nilisoma mara mbili ya wenzangu. Ninakiri nilikuwa bora darasani, na sikuwa na unyenyekevu kuhusu jambo hilo.

Siku ya vivumishi tuliambiwa kila mmoja aeleze alichonacho mbele ya macho. Baba Chishimba alieleza kisogo cha jirani yake hadi jirani akachukia. Mama Albertine hakuwa na kitu mbele yake ila ukuta. "Ukuta ni mrefu," akasema kwa Kiingereza. "Ukuta ni mchafu. Ukuta ni Mkatoliki." Darasa likacheka hadi mtumishi wa parokia akaja kuchungulia. Kutoka mbele nilisikia kicheko kimoja kikibanwa puani, maana mkwe hamcheki mkwe.

Siku ya vitenzi vya kuamrisha ilikuwa balaa. Sylvain alituamuru mmoja mmoja, simama, fungua dirisha, kaa. Alipofika nyuma akakwama. Mwanamume gani atamwamuru mama mkwe wake asimame? Alifikiri, jasho linamtoka, kisha akakiamuru kiti alichokalia mama. "Kiti, simama!" Mama Albertine akanyanyuka, akakiinua kiti juu kwa mikono miwili, akakaa sakafuni.

Na siku ya familia, swali lilikuwa jina la mwanamume aliyeoa binti yako. Jina la mkwe halitamkwi, kila mtu alijua. Mama Albertine akaukazia ukuta macho muda mrefu. "Mtu," akajibu.

Nilicheka sana miezi ile. Lakini kila tulipotembea kurudi nyumbani kicheko kiliisha njiani, kwa sababu swali lilikuwa moja tu. Stanislas amerudi? Amerudi. Amesema nini? Tutaona. Mvua zikaanza kupiga mabati ya ukumbi. Bénie alipopita mtaani tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele. Mama Albertine alikuwa amekwisha kununua nepi na kuziweka chini ya godoro lake mwenyewe, kwa ukaidi. Mimi nilimchukia Sylvain kimyakimya. Nilimwona kijana mwenye kiburi, anayejua mahali pa kuweka kila kitenzi ila hajui mahali pa kumweka mwanamke mwenye mimba.

Likafika somo la mwisho, wiki ya kuelekea Noëli. Hati za kusafiria za Bénie na mume wake zilikuwa tayari. Zoezi lilikuwa rahisi, kila mwanafunzi asimame mbele na kutunga sentensi zake mwenyewe, kamili, zenye kiima na kitenzi. Mimi nilitunga sentensi ndefu kuhusu muuzaji wa Ndola, nikapigiwa makofi. Ikabaki zamu ya mama Albertine. Nilikuwa ninajiandaa kubeba maneno yake kama kawaida, nikamwona anasimama.

Akaja mbele. Kitenge kilikuwa kichwani, uso umeelekea dirishani, mwalimu ameshakimbilia nyuma ya ubao. Akaanza kwa Kiingereza, neno moja, pumzi, neno jingine. Ninayaandika hapa kwa Kiswahili jinsi yalivyotoka.

"Mimi kuwa na binti mmoja. Binti kuwa na mimba. Wewe, mwalimu, sikiliza. Wewe kuacha binti hapa. Yeye kuzaa hapa. Kisha wewe kuchukua wote wawili."

Baba Chishimba akaruka kutoka kitini.

"Mama! Bukwe! Unamusemesha mukwe!"

Mama Albertine akarudi kwenye Kiswahili, sauti ile ya mbuzi. "Baba Chishimba, bankambo betu ba zamani, benye baliweka ile sheria, balijua Anglais?"

Mzee akavua kofia. Akakuna kichwa. "Hapana," akasema. "Kweli, habakujua."

"Basi kaa."

Akakaa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeshika mkono wa mwanafunzi ambaye sijawahi hata kumsalimia, naye ananifinya.

Tukatazama chini ya ubao. Viatu vilisogea upande mmoja, vikarudi. Kisha Sylvain akajibu, naye kwa Kiingereza, polepole sana, kwa maneno tuliyofundishwa tu, ili kila moja lifike.

"Mimi sikatai. Mimi nilimwomba abaki. Bénie ndiye anayekataa."

Mama Albertine akakikaza kitenge chake kichwani.

"Bénie anasema, akizaa kwako, hataweza kuondoka. Anasema atakuona umembeba mtoto, na miguu yake itakufa. Analia. Kwa hiyo anataka kwenda sasa. Nilimwambia baba Stanislas. Yeye akasema, maneno haya yatamuua mama, nyamaza."

Niliona aibu. Miezi yote hiyo nilikuwa nimempikia kijana wa watu chuki, na yeye amekaa nayo, hana njia ya kujitetea. Nikamtafuta Stanislas moyoni mwangu nimpe lile kofi, nikakuta hata yeye alikuwa amejaribu kumhurumia mtu.

Mama Albertine alishika ukingo wa ubao kwa mkono mmoja. Mabega yalikuwa yanatikisika chini ya kitenge. Nilidhani ndiyo imekwisha, atatoka, na mimi nitamfuata nyumbani kumpikia uji. Lakini alikuwa anatafuta. Ulimwona kabisa anatafuta, midomo inajaribu kitenzi hiki, inakiacha, inachukua kingine.

"Bénie kwenda," akasema mwisho. "Sawa. Mimi kuja Solwezi."

"Ndiyo," ikasema sauti ya nyuma ya ubao. "Ndiyo, karibu sana."

"Mimi kulala nyumba yako."

Hapo hata mimi wa Maniema nilishtuka. Mama mkwe hawezi kulala chini ya paa moja na mkwe wake. Baba Chishimba alijifunika uso kwa kofia.

"Wewe," mama Albertine akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imepata miguu, "wewe kulala kwa jirani."

"Mimi?"

"Wewe. Chukua blanketi. Nenda."

"Mpaka lini?" akauliza Sylvain, na ninaapa sauti yake ilikuwa inacheka na kulia kwa pamoja.

Akafikiri. "Mpaka mtoto kucheka."

Viatu vikasimama sawasawa nyuma ya ubao, kisigino kwa kisigino.

"Ndiyo," akasema.

Mama Albertine akarudi kukaa, akanipa kitenge chake nijifute, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa ninalia kwa sauti.

Walivuka mpaka wa Kasumbalesa baada ya sikukuu, Bénie na mume wake kwanza, mama Albertine nyuma yao na basi jingine, nepi zikiwa ndani ya mfuko wa sombe kavu. Mtoto alizaliwa wa kike, mwezi wa pili. Sylvain alihamia sebuleni kwa jirani, fundi baiskeli, na kila asubuhi anapitia dirishani kuulizia hali kabla ya kwenda kazini.

Juzi Bénie alinipigia simu. Mtoto anacheka, alisema. Anacheka tangu mwezi wa nne, anacheka akiona taa, anacheka akiona kuku, fundi baiskeli mwenyewe amekuja kushuhudia. Nikamuuliza kama mama sasa atarudi Lubumbashi, maana lengalenga zake zote zimeliwa na mbuzi.

"Nilimuambia, mama Rehema. Nilimuambia, 'Mama, ona, mutoto anacheka.'"

"Akasema nini?"

"Anasema ile hapana kucheka. Anasema ni upepo mu tumbo."