Maneno ya K na N

Hakuna kitu kilichomkera Mama Kahindo kama kuambiwa "sawa, mama" na mtu ambaye hata hajamsikiliza. Na muzee Habineza, mwenyekiti wa juri, yaani waamuzi wa mashindano, alikwisha kumwambia hivyo mara mbili kabla mashindano hayajaanza. Alipouliza binti yake atasimama wa ngapi, "sawa, mama." Alipouliza kama benchi la mbele ni la wazazi, "sawa, mama." Basi akaenda akakaa benchi la mbele, akaweka beseni lake tupu chini ya miguu, na aliyetaka kumwondoa angekuja amwondoe.

Ukumbi wa parokia pale Majengo ulikuwa umejaa pomoni. Kituo kimoja cha Kiingereza kilikuwa kimetangaza kwamba kijana atakayeshinda siku hiyo atasoma pale mwaka mzima bila kulipa chochote. Masharti yalikuwa mepesi. Siku ya kujiandikisha kila mshindani alipewa herufi mbili, akaenda nyumbani kutafuta maneno ya Kiingereza yanayoanza na herufi hizo mbili zikifuatana. Siku ya mashindano anasimama, anataja neno na maana yake, neno na maana yake, mpaka kengele ilie. Mwenye mengi ndiye mshindi. Exaucée, binti wa Mama Kahindo, alipewa K na N.

Binti huyo alikuwa na diploma yake ya sekondari, imefungwa vizuri kwenye plastiki, na tangu aipate kazi yake ilikuwa kukanda unga wa maandazi pamoja na mama yake. Mama Kahindo hakuona haya kwa maandazi. Ndiyo yaliyomsomesha huyo mtoto. Lakini hakumsomesha ili aje kurithi beseni. Watu wenye Kiingereza walikuwa wanapata kazi mjini, alikuwa anawaona kwa macho yake wakipita na kadi zao shingoni, na wengine hawakumzidi Exaucée kwa lolote isipokuwa hicho Kiingereza.

Kamusi waliyoazima kwa jirani ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kuukuu, haina jalada. Kila jioni Exaucée alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, anasoma, anapekua, anafikiri. Na msikilizaji alikuwa mmoja tu, naye mikono yake imezama ndani ya unga.

"Knot."

"Njo nini?"

"Fundo, mama. Kama ile unafunga kwa kamba ya mufuko."

"Sema vile. Ingine."

"Kneel. Kupiga magoti."

"Ile ya kanisa. Ingine."

"Knave. Mutu mudanganyifu, mutu wa kona kona."

"Huyo namujua, anakaa Birere," alisema Mama Kahindo, wakacheka hadi unga ukamwagika.

Walipofika kwenye knead, Exaucée akaonyesha kwa kidole mikono ya mama yake. "Ni hii unafanya." Mama Kahindo aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kumbe Wazungu nao wana neno la kazi hii! Tangu siku hiyo akawa mwalimu mkali kweli kweli. Hakukubali maana inayoyumba. Kama hakuelewa, Exaucée alirudia mpaka aelewe, na yale mepesi kabisa, know na mwenzake knowledge, alimwambia ayaweke mwisho, akichoka yamsindikize.

Sasa, pale ukumbini, Jephté, kijana mwembamba mwenye tai ya baba yake, alikuwa ametangulia na herufi Q na U. Alimimina maneno, na maana zake alizitoa kwa Kifaransa kilichopigwa pasi. Mama Kahindo hakuelewa hata moja, lakini alipiga makofi, maana mtoto wa mwenzako ni wako. Ukumbi wote ukampigia ban, yale makofi ya mfuatano ya shuleni.

Exaucée akapanda. Akapokea maikrofoni, akamtafuta mama yake kwa macho, akampata.

"Knot. Fundo. Knee. Goti. Knife. Kisu."

Kengele ikalia. Bado mapema mno. Hata mate hayajamkauka.

"Mademoiselle," akasema muzee Habineza, "maana ni kwa Kifaransa."

"Kwa tangazo haikuandikwa, papa."

"Haikuandikwa kwa sababu inajulikana. Hapa tunapima akili, hatupimi mambo ya jikoni. Hayo maneno matatu hatuyahesabu."

Watu wengine wakacheka. Wakacheka! Na kwa lugha gani walikuwa wamesalimiana mlangoni, hao waliocheka? Kwa lugha gani walikuwa wanawagombeza watoto wao waliokaa vibaya kwenye mabenchi? Hasira ilimpanda Mama Kahindo kutoka vidole vya miguu. Kiingereza chenyewe wamekipata juzi, Kifaransa waliletewa, na ile wanayoamkia na kulilia nayo msibani ndiyo haina maana! Lakini chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichomchoma zaidi. Ni yeye aliyekuwa anauliza "njo nini?" kila jioni. Kama msikilizaji angekuwa baba mwenye Kifaransa, mtoto angekuwa anapeta sasa hivi. Je, ni masikio yake yaliyomponza mwanawe?

Akasimama. Beseni likagonga benchi, ukumbi ukageuka.

"Muzee, asubui ulinunua mandazi kwangu pale mulangoni. Uliniambia, 'Mama, niongezeye moja.' Ulisema kwa luga gani? Na mimi sikukusikia? Sikukuongezeya?"

Kicheko kilichopasuka sasa kilikuwa cha upande mwingine. Muzee Habineza alitoa leso, akafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

"Mama, hapa ni concours, ni mashindano, hapa si soko. Ao mutoto anasema Kifaransa, ao anashuka."

Mama Kahindo alikuwa na maneno mengine, mengi, na yalikuwa na miiba. Akamwona binti yake ameishika maikrofoni kwa mikono miwili. Akayameza yote.

"Sema kwa Kifaransa, Exaucée," alisema. "Sema tu, mwanangu." Akakaa. Hajawahi kusema jambo lililomuuma hivyo.

Saa ikaanza upya. "Knot," akasema Exaucée, akatoa Kifaransa chake, safi kabisa, kisichopitwa na cha Jephté. Muzee Habineza akatikisa kichwa kuridhika. Ndipo binti akaligeuzia juri bega, akaelekea benchi la mbele. "Fundo, mama."

"Kneel." Kifaransa kwa juri. Kisha kwa benchi: "Kupiga magoti."

"Knave." Kifaransa. Kisha: "Mutu wa kona kona." Akamtazama muzee Habineza kidogo tu, na ukumbi ukaguna.

Juri wakanong'onezana, lakini wangemkataza nini? Kifaransa walichotaka walikuwa wanakipata. Mama Kahindo alianza kwa kufurahi hadi machozi. Halafu akatambua. Kila neno mara mbili! Saa haimngojei mtu! Akamfanyia ishara kwa mkono, acha, endelea na hao. Akatikisa kichwa. Exaucée alimwona, na hakuacha. Alipofika kwenye knead aliwapa juri chao, akamgeukia mama yake, akasema polepole kuliko maneno mengine yote, "Kukanda unga." Kengele ikalia.

Jephté alimzidi kwa neno moja. Walimpigia ban, wakampiga picha na cheti. Muzee Habineza alipita karibu na benchi la mbele, akasema mutoto huyu angeshinda kama si kiburi.

Walirudi nyumbani kwa miguu juu ya mawe meusi, beseni likiwa kati yao, kila mmoja ameshika upande wake. Walipofika kwenye kona ya kwao, maneno yakamtoka Mama Kahindo.

"Know na knowledge yamebaki! Maneno mepesi vile! Saa ilikuwa inatosha, Exaucée. Ungesema Kifaransa yako ukamaliza! Ni nani alikuambia urudilie kwangu?"

Exaucée aliweka upande wake wa beseni chini.

"Miezi yote ile ulinisikiliza, mama. Ningesema Kifaransa tupu, na wewe ungejua namna gani kama nimesema muzuri?"