Kuni za Msiba wa Stanslaus

Mbuzi wa Mama Juliana ndiye aliyetukutanisha tena. Kabla ya siku ile tulikuwa na miezi saba hatujakaa kinamama wote kwenye sinia.

Hapo Nyahanga, kwenye mtaa wetu wa mwisho unaopakana na majaruba ya mpunga, hakuna aliyekuja na barakoa. Mama mkwe wangu, Mama Ignas, wakati ugonjwa umepamba moto alikuwa anavaa mbili, moja juu ya nyingine, na kitunguu saumu amekifunga kwenye pindo la kanga. Sasa moja alikuwa anachujia togwa, nyingine amefungia mlango wa banda la kuku. Ndoo yenye bomba iliyokaa kwa mwenyekiti wa mtaa ilikuwa imehamia kilabuni, inatoa pombe. Redioni walisema maambukizi yanapungua, halafu hata hilo wakaacha kulisema. Watu walikuwa wanashikana mikono muda mrefu, wanaitikisa, wengine wanacheka na kuulizana zile nyungu za mkaratusi tulizojifukiza tulikuwa tunamfukuza nani.

Mbuzi yule alikuwa faini. Inabidi nieleze ilivyokuwa.

Kwetu, nyumba ikipata msiba, kila mwanamke wa mtaa anakwenda na kuni tatu na ndoo ya maji. Mfiwa hashiki moto. Tangu kilio kinapopigwa mpaka matanga yanapoanuliwa, moto wa nyumba ile ni wetu sisi. Na kuni ikishapelekwa msibani hairudi nyumbani kwa mtu, maana atakayerudi nayo atakuwa amejibebea kifo mwenyewe. Hilo hata mtoto analijua. Mama Ignas ndiye kiongozi wa kinamama wa misiba, mwaka wa kumi na nne sasa.

Stanslaus, mume wa Mama Juliana, alikuwa dereva wa lori. Alikuwa anapakia mzigo Isaka anapeleka Rwanda. Mwezi wa saba alirudi anakohoa. Siku mbili nilimwona amekaa mlangoni kwake, ameegemea fremu, kwa sababu akilala pumzi inakata. Siku ya tatu alipelekwa hospitali, ya nne akarudishwa na watu wanne waliovaa mavazi meupe ya plastiki, wakamzika uani kwake kwa robo saa wakaondoka.

Sisi tulikwenda na kuni zetu kama kawaida, wanawake kama arobaini. Tukamkuta Mama Juliana amefunga geti la miti, amesimama kwa nje na ndoo ya bomba na kipande cha sabuni. Akatuambia tuweke kuni pale pale kwenye ua, tunawe, turudi majumbani tusije tukafa. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Alinifungulia maji yeye mwenyewe, akanisugua vidole kama mtoto.

"Rudi, Martina," akaniambia. "Usilie hapa. Una mtu tumboni."

Nikarudi, na nasema kweli, nilirudi kwa furaha.

Mama Ignas aliweka kuni zake tatu chini, hakunawa, akaondoka. Lile rundo likabaki pale nje ya ua. Mvua ikalinyeshea, mchwa wakaingia. Mwezi uliofuata alikufa kaka yake Mama Ignas, akazikwa na watu kumi, na hakuna aliyepeleka hata ukuni mmoja kwa sababu hakuna aliyethubutu kutoka ndani. Huo msiba hauzungumzwi.

Wakati wa hofu watu walinyamaza. Ugonjwa ulipopungua ndipo walipopata nafasi ya kukasirika. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata kinamama wakakaa kikao, wakasema Mama Juliana amezikataa kuni za msiba, amewanawisha watu wazima kana kwamba wametoka chooni, basi akae na geti lake. Asisalimiwe, asipewe kijinga cha moto wala chumvi, wala mtu asichote naye maji. Atakayesema naye atahesabiwa pamoja naye.

Mwenyewe angevumilia. Lakini ndani alikuwa na mama yake, Bibi Euphrasia, miguu imevimba, hatoki kitandani. Huyu bibi alikuwa amepika kwenye misiba ya mtaa ule miaka thelathini. Alimwona mkwe wake anavyofukiwa, na tangu siku ile alikuwa na neno moja tu, nililisikia mwenyewe kupitia dirishani nikienda kisimani: "Mayu, mimi watakuja?" Alikuwa anamwita binti yake mayu, mama, kama wazee wanavyofanya. Na binti anajibu, "Watakuja, mama. Lala."

Kwa ajili hiyo Mama Juliana alikuja kwetu akapiga magoti mlangoni, akasema wampe adhabu yoyote lakini mama yake azikwe na watu. Wakampa mbuzi na debe la unga.

Alileta mbuzi mnene. Tulimla siku hiyo ninayoisema, mikono mitano mitano kwenye sinia moja, mchuzi unashuka mpaka kwenye viwiko, watu wanagombea figo kwa utani. Mama mmoja alisema kumbe kilichokuwa kinatuumiza siku zote ni njaa ya kula pamoja, siyo kile kirusi. Tukacheka sana. Mwenye mbuzi alikaa peke yake kwenye kigogo cha kuchanjia, mikono mapajani, anasubiri kusamehewa. Hakukaribishwa.

Masinia yalipokwisha, Mama Ignas akajifuta midomo, akamwambia, "Tumepokea. Sasa tutakaa tujadili."

Mama Juliana akasema wabeja, asante yetu ya Kisukuma. Akasema tena, wabeja sana. Akaenda kumwambia mama yake kwamba mambo yanakwenda vizuri. Najua alimwambia, kwa sababu kesho yake bibi alikuwa anaimba.

Hawakujadili. Kila wiki kulikuwa na sababu, mara kupalilia, mara harusi, maana harusi zilikuwa zimerudi nazo. Wiki ya tatu, Alhamisi asubuhi, nikiwa napepeta mchele, nikasikia kilio kutoka kwa Mama Juliana.

Kilio kwetu hupokelewa. Wa kwanza akilia, jirani anaitikia, na mwingine, mpaka mtaa mzima unajua. Siku hiyo alilia peke yake. Alilia, akanyamaza kusikiliza, akalia tena. Wanawake walitoka wakasimama kwenye nyua zao wameshika viuno. Mwisho akaja mwenyewe, kanga imefungwa vibaya, akasimama nje ya ua wetu.

"Shikamoo Mama Ignas. Mama amefariki."

Mama Ignas hakuitikia marahaba. Alinigeukia mimi, akasema kama vile mimi ndiye niliyemuuliza kitu.

"Mama Wema, mwambie huyo kuni tulishaleta. Ziko pale nje kwake, arobaini mara tatu. Akahesabu."

Mwanangu Wema alikuwa mgongoni, ana miezi mitano. Nikasimama na ungo wangu. Mama Juliana alikuwa ananitazama mimi.

"Amesikia, mama," nikasema.

Mwanamke wa ua wa pili akasema na maji asiombe, si ana ndoo yenye bomba. Wakacheka, siyo kwa sauti, kile kicheko cha puani. Mama Juliana aligeuka akaondoka. Hakulia tena, siku hiyo wala kesho yake.

Kwenye chumba chake cha uani alikuwa amepangisha mchimbaji, mtu wa Mara anaitwa Marwa, anayefanya kazi kwenye machimbo madogo ya njia ya kwenda Geita. Huyo hakujua habari zetu. Aliposikia mwenye nyumba amefiwa na hakuna wa kuchimba kaburi, akawaleta wenzake watatu, na Ijumaa alfajiri wakaanza pale kando ya kaburi la Stanslaus.

Vijana wale wanajua kuchimba kuliko mtu yeyote, lakini wanajua kuchimba duara, yaani shimo la dhahabu. Wakapima futi nne kwa futi nne, wakanyoosha chini. Saa tatu tayari walikuwa wameingia mpaka kichwani, wamefunga kamba, wanatoa udongo kwa viroba. Wanaume wa mtaa walikuwa wamekaa kwenye benchi la duka, wanaona kila kitu. Mume wangu Ignas, ambaye kila kaburi la mtaa ule amelishikia jembe, alikuja nyumbani kunywa maji, anatabasamu.

"Wale wanatafuta dhahabu," akasema.

Nikamwambia si awaambie. Akaniuliza, "Niwaambie nini? Nataka kutengwa mimi?" Akanywa, akarudi kwenye benchi.

Nikachukua ndoo yangu. Njia ya kisimani inapita pale pale. Marwa alikuwa ametoka shimoni, mwekundu wa udongo mpaka kwenye kope. Akanisalimia vizuri kama mgeni anavyosalimia.

"Dada, futi sita zinatosha au kwenu mnakwenda zaidi?"

Nilitazama shimo. Jeneza nilikuwa nimeliona jana likipita kwenye guta la matairi matatu, refu kunizidi mimi. Neno moja lingetosha: refusha. Nilitazama na benchi la duka, na Mama Ignas aliyekuwa anaanika mihogo huku uso kauelekeza kwetu. Nikapandisha ndoo kichwani nikapita.

Saa sita jeneza likatolewa. Waliokuwepo ni Mama Juliana, binti yake Juliana aliyetoka bweni Ushirombo na sare zake za shule, katekista, na wachimbaji wanne. Sisi tulikuwa kwenye nyua zetu, tunatazama. Wakalishusha, likagoma. Wakaligeuza, likagoma. Marwa akaona labda kwa pembe, wakaliinamisha kichwa juu miguu chini, na kitu kikasogea ndani, tukasikia kilivyogonga mbao. Ndipo wanawake wakaziba midomo kwa kanga.

"Wamsimamishe tu," mmoja akasema. "Bibi alipenda kuona watu."

Marwa hakuwa mjinga. Alitazama ule mstari wa wanawake kwenye nyua, akatazama benchi, akaelewa. Akavua fulana yake, akarudi shimoni kupanua. Kila alipokata ukuta udongo uliporomokea chini, ukawa wa kutolewa upya kwa kiroba. Ikawachukua saa mbili nzima. Jeneza likawekwa juu ya viti viwili juani, na Mama Juliana akasimama ametandaza kanga juu yake kwa mikono yote miwili, kivuli cha kumfunika mama yake. Mikono ikichoka anabadilisha upande. Binti alitaka kumpokea, akakataa. Katekista aliangalia saa yake, akasali mapema, akaondoka kabla ya udongo wa mwisho.

Walipomaliza, wale vijana walikuwa wanatetemeka kwa njaa. Muuza mkaa wa mtaa alikuwa amefunga mlango tangu jana. Nilimwona Mama Juliana ametoka getini peke yake. Akaenda kwenye lile rundo la kuni. Zilizokuwa juu zilivunjika mikononi kama mkate mkavu, zikatoka na mchwa. Akazipangua mpaka akafika kwenye za chini zilizobaki na moyo. Alibeba safari tatu. Halafu moshi ukaanza, mweupe, mzito, wa kuni mbovu, na harufu yake ikatufikia kila mtu nyumbani kwake.

Mama Ignas alikuwa ndani. Akauliza, "Nani kawasha moto kule?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilidhani nikimwambia ataona haya. Nilidhani kuna mahali ndani ya mtu ambapo, ukigusa, anakaa chini anasema jamani tumezidi. Siku zote mbili nilikuwa nimelitafuta la kusema na hilo ndilo nililolipata.

"Ni yeye mwenyewe, mama," nikasema. "Anapikia waliochimba. Kwa zile kuni zetu."

Akanyamaza kidogo. Nikafurahi na ule ukimya.

Kisha akatoka, anajifunga kilemba, uso umechangamka. "Mfiwa kashika moto," akasema. "Na kuni za msiba wa mume kazipikia msiba wa mama. Umeona kwa macho yako?"

Nikasema nimeona, kwa sababu nilikuwa nimeshasema.

Jumapili baada ya ibada walikaa. Safari hii hawakuchelewa. Kosa likawa jipya, shahidi yupo, na mbuzi hatoshi tena: ng'ombe. Nikatumwa mimi kumpelekea habari, maana mjumbe anaruhusiwa kusema naye, na mimi ndiye niliyeona.

Nilimkuta anafagia mahali rundo lilipokuwa. Udongo pale ulikuwa mweupe, umbo lake limebaki. Nilisema nilichotumwa, macho nikiwa nimeyaweka kwenye fagio. Yeye alimtazama Wema mgongoni kwangu.

"Kakua," akasema. "Hajambo?"

Hilo halikuwemo kwenye nilichotumwa. Nikakaza fundo la mbeleko.

Akasimamisha fagio ukutani. "Mwambie Mama Ignas nitamleta. Juliana ataolewa kwa watu wake huko, watamzika. Nimebaki mimi wa kuzikwa."

Nikarudi nikawaambia amekubali. Walikuwa bado wamekaa pale pale. Wakapiga vigelegele vifupi, na Mama Ignas akaanza kuwagawia kazi, nani alete sufuria kubwa, nani alete masinia. Mimi nikapangiwa kuni.