Kielea cha Saa Nne Asubuhi

Kila siku ya kazi, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, fundi wa maabara ya udongo hufuta silinda ya kioo kwa kitambaa. Mdogo wake huvuta kigoda, huinama na kusoma namba kwenye kielea, kijiti cha kioo chenye namba kinachoelea katika maji ya udongo.

"Thelathini na nane, dada."

"Kama jana."

Mdogo wake alikuwa mwashi. Ni miezi mitano sasa tangu bweni la shule limwangukie na kumuua. Bado huja, na vumbi la saruji kwenye nyusi, na mfagiaji hulalamikia nyayo zake tu.

Udongo wa silindani ulitoka chini ya bweni hilo. Ni laini, ulipita kwenye chekeche zote, ikabaki njia moja ya kuupima: kuukoroga ndani ya maji na kusubiri. Chembe kubwa hutua upesi. Udongo wa mfinyanzi, ule unaovimba kwa mvua na kupasua kuta, huelea siku nzima, kwa hiyo kipimo cha mwisho husomwa kesho yake; namba ikibaki juu, mfinyanzi ni mwingi. Kwa kuling'ang'ania hilo, fundi alibandikwa na wenzake jina la Bi Kesho.

Kabla bweni halijajengwa, mkuu wa maabara alikuwa na haraka zake. "Masaa mawili yanatosha," alimwambia. "Hicho cha mwisho kisia, tusicheleweshane." Bi Kesho akakisia kumi na mbili. Mwandiko ni wake, na hilo linamkereketa mpaka leo. Siku ya maziko alichukua udongo uliosalia kwenye mfuko wa sampuli, akaukoroga upya. Haujatua.

Wiki iliyopita ilikuja kamati ya uchunguzi. Marehemu aliwasomea kielea, akawaomba waandike. Mwenyekiti akamtaka cheti cha maabara. Hakuwa nacho. Bi Kesho akasema hata yeye ameisoma namba hiyo. Wakamjibu kwamba namba yake wanayo tayari: kumi na mbili, na sahihi chini. Ripoti ikasema udongo ni mzuri, makosa ni ya waashi, na thelathini na nane imesomwa na mtu asiyehusika.

Asiyehusika!

Jana ukaletwa mfuko mwingine wa udongo, kutoka kiwanja kilekile. Bweni linajengwa upya, la watoto sitini. Bi Kesho akaukoroga kwenye silinda ya pili.

"Safari hii sikisii," alisema.

Mkuu akaichukua fomu, akaandika kumi na moja kwa mkono wake, akagonga muhuri.

Leo mdogo wa Bi Kesho alichelewa kwa mara ya kwanza. Aliingia na benchi begani, mbao zake zimerandwa vizuri, akaliweka ukutani. Kisha akasoma silinda zote mbili.

"Thelathini na nane. Na hii thelathini na nane."

Bi Kesho aliandika. Benchi lilikuwa fupi, kimo cha mtoto.

"Yapo mengine?"

"Naendelea kuranda, dada, mpaka yatoshe watoto sitini."

Bi Kesho akasukuma meza kando, yapate pa kukaa.