Mzigo Uliopakiwa Kinyume

Mume wangu aliomba ruhusa akanyimwa. Meneja wa usafirishaji alimwambia ruhusa hutolewa kwa msiba, ugonjwa si msiba, tena lori la kesho halina dereva mwingine. Aliponisimulia kwenye simu nilimtukana huyo meneja kwa sauti, nikasahau kwamba mama mkwe ananisikia. Akanikanya kwa jicho. Sauti yake ilikuwa imefifia, lakini jicho lilikuwa kali vilevile.

Nilikuwa kwake nikimuuguza. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, na sote tulijua maana yake. Alitaka jambo moja tu, amwone mwanawe, na mwana mwenyewe ni huyo mmoja.

"Kafika wapi?" aliniuliza kila alipozinduka.

"Anakuja, Mama."

"Anakuja kuniona au analeta sukari?"

"Vyote viwili."

"Basi sukari itatangulia," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Hakukosea sana. Mji wetu ndio mwisho wa njia ya mume wangu. Lori hutoka ghala kuu asubuhi, hushusha bidhaa katika miji mitatu, na kila duka lina kusubirishana kwake, ndipo linafika kwetu alasiri. Tena mzigo wa mwisho kushuka ndio wa kwanza kupakiwa. Wetu hukaa ndani kabisa, umezibwa na mizigo ya watu wengine, kwa hiyo hata angepita miji yote mbio, hapa asingeweza kushusha hata katoni moja.

Kwa bahati, au niseme kwa balaa, anayesimamia upakiaji wa ghala lile ni kaka yangu. Wenzake wanamwita Bwana Nafasi, kwa kuwa hata lori likijaa hadi mlangoni, yeye bado anaona nafasi. Mume wangu alimwendea alfajiri, meneja hajafika.

"Shemeji, nipakie kinyume. Mzigo wa kule mwisho uwe mlangoni. Nianze kwa mama, wengine nitawashushia nikirudi."

"Bosi akijua, sina kazi."

"Najua, shemeji."

"Basi mbona unanitazama? Fungua milango."

Asubuhi mume wangu akanipigia yuko njiani, sauti imechangamka. Nikampa Mama habari kwamba mwanawe angefika kabla ya adhuhuri. Akataka aoshwe uso, abadilishwe kanga, ainuliwe kwenye mito. Nilifanya yote hayo huku naimba, mjinga mimi.

Simu iliyofuata ilitoka kwenye mizani ya barabarani. Lori lilikuwa limezuiwa. Uzito wote kwa jumla ulikuwa sawa, ila ekseli za nyuma, zile za magurudumu ya upande wa mlangoni, zilikuwa zimebeba kupita kiasi. Duka la jumla la mji wetu huagiza sukari, chumvi, mafuta ya kupikia na sabuni za miche. Miji ya karibu huchukua karatasi za chooni, nepi na biskuti. Miaka yote vizito vilikaa mbele, karibu na dereva, kwa sababu ndivyo viendavyo mbali, na kaka yangu hakuwahi kuhitaji kulifikiria jambo hilo. Safari hii alivirundika vyote mlangoni. Nilitaka kumlaani nikashindwa, maana huruma ndiyo iliyomsahaulisha.

Wa mizani walisema lori halitoki mpaka mzigo upangwe upya. Mume wangu akatafuta vibarua, akavua shati, akaanza kushusha magunia pamoja nao juani. Kisha akarudi kwenye foleni kupimwa tena, nyuma ya malori yote yaliyokuwa yamewasili.

Alasiri ilifika, wakati ambao lori lake hufika siku zote. Mama alikuwa ameegemea mito yake, macho mlangoni.

"Sasa?" akauliza.

"Karibu, Mama."

Hakunitania tena. Hilo ndilo lililonitisha kuliko homa. Jua lilipokuwa linazama alinishika kidole, si mkono, akakaa hivyo kitambo, kisha akaachia. Nilimwita. Nilimwita tena kwa ukali, kama vile angeniogopa.

Mume wangu aliingia giza limeshatanda, unga wa chumvi umemganda mikononi. Alipiga magoti kando ya kitanda akalia bila kujificha. Baadaye akasema, polepole, "Ningekuja kama siku zote, ningemkuta." Na ilikuwa kweli.

Kisha akanishika bega. "Kaka yako asijue. Mwambie niliwahi."

Kaka alipiga asubuhi, waombolezaji wakiwa wameanza kujaa uani. Alikuwa amesikia habari za kifo. Alinipa pole.

"Shemeji alimkuta?"

"Alimkuta, kaka."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Basi si neno. Bosi amepigiwa simu na maduka yaliyorukwa, akajua lori lilivyopakiwa, ameninyang'anya kitambulisho nikiwa getini. Nitatafuta kibarua kwingine. Ilimradi walionana." Halafu akauliza, taratibu, "Mama alimwambia nini?"

Mume wangu alikuwa ameketi karibu yangu, anasikia kila neno. Aliinamisha kichwa.

"Alimwambia akushukuru," nikasema.