Haishuki Mpaka Mechi Ijayo

Sitaki kusikia tena habari za ligi. Kila nikienda kunywa kahawa pale kwenye ghala la ngano, wazee wenzangu wanabishana: ipi itapona, ipi itakufa, nani kahamia wapi. Juzi mmoja kasema mwishowe zitabaki mbili tu, za wenye televisheni, na sisi wengine tutacheza na ng'ombe wetu. Wakacheka. Mimi sikucheka. Mwenzao nina bendera ya njano mbele ya nyumba, na sijui itashuka lini.

Bendera yenyewe ni ya Clayton, shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu Marit. Yeye ni mtu wa mjini, upande wa bahari, kasoma chuo chao kikubwa. Mimi Orrin nalima ngano huku ng'ambo ya milima, na chuo changu ni hiki cha hapa, ambacho wao wanakiita chuo cha wanuka mbolea. Kila Novemba, Jumamosi baada ya sikukuu ya shukrani, ile ya kula bata mzinga, vyuo hivi viwili vilikutana kwenye mpira wetu, ule wa kofia ngumu na kugongana mabega. Siku ya harusi yao tukawekeana sharti: atakayefungwa atapandisha bendera ya mwenzake nyumbani kwake, na haishuki mpaka mechi ijayo. Tukapeana mikono. Hakuna aliyeuliza, je, mechi ijayo isipokuwepo? Nani angeuliza upuuzi kama huo? Watu walikuwa wakichapana tangu babu zetu wanalima kwa farasi.

Basi mwaka juzi wakatufunga, tena kwa mkwaju wa mwisho kabisa. Nikapandisha. Hata theluji haijayeyuka, chuo cha Clayton kikatangaza kinahamia ligi ya mashariki, kwenye mapesa ya televisheni. Wengine wakafuata mbio. Ligi yetu ya timu kumi ikabaki na tatu. Wametuacha kwenye mataa, na ratiba yao mpya, eti, haina nafasi yetu. Wanapandishwa ndege kuvuka nchi nzima wakacheze na wageni, na sisi tuko hapa, nyuma ya mlima tu!

Nimepiga simu chuoni kwetu mpaka nimechoka. Jibu ni lilelile, wanaangalia uwezekano. Uwezekano gani, bwana? Majirani wakipita wananipigia honi. Mke wangu Twyla aliniambia niitoe, nikamwambia sharti ni sharti. Upepo ulipoichana, nikasema afadhali, imekufa yenyewe. Clayton akanitumia mpya kwa posta, mshenzi yule.

Mwaka huu wakaja tena, yeye na Marit, kula bata mzinga. Jumamosi ikafika, mechi hakuna, mwaka wa pili sasa. Tukakaa kutazama timu yake ikilimwa kule mashariki, kwenye mvua. Nilitaka nimcheke, ila nikakosa raha hata ya kucheka. Clayton naye hakukasirika. Alisema hao waliokuwa wanawafunga hajui hata awachukie vipi. Kisha akatoka nje.

Nikasikia kamba inagonga mlingoti. Nikamfuata. Nilimkuta anafungua fundo.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Naishusha. Imetosha, Orrin. Nimekusamehe."

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kuliko mavuno. Lakini mkono wangu ukaidaka kamba wenyewe. Ikishuka hivihivi, bila mechi, ndiyo basi tena. Ndiyo tumekubali kwamba yamekwisha, na sisi hatukuulizwa.

"Acha," nikamwambia.

"Utakaa nayo mpaka lini?"

"Mpaka mje mcheze."

"Hatuji, shemeji. Unajua hatuji." Alikuwa bado ameishika kamba. "Na siku tuliyotangaza kuhama, mimi nilishangilia."

"Najua," nikasema. "Ulinipigia simu kunitambia."

Akaiachia kamba. Mimi mwenyewe nikaivuta bendera yake, mpaka juu kabisa, nikaifunga.