Mbina ya Kiingereza

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na shuleni kwetu, hapa karibu na Samuye, mwalimu wa Kiswahili haulizwi jambo. Kikao kikianza naambiwa, "Mwalimu Mariana, tuandalie chai." Naandaa chai, na masikio yangu yanaendelea na kazi yake. Kwa hiyo nilikuwepo, birika mkononi, siku walimu wetu wawili wa Kiingereza walipoacha kufundisha Kiingereza.

Herman alikuwa ametoka semina mjini Shinyanga, amerudi na koti jipya na istilahi za tamathali za semi. Akatangaza kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne asiyeijua oksimoroni ni maiti inayotembea. Telesphori, ambaye alianza kufundisha hapa Herman akiwa bado na makamasi, akajibu kuwa oksimoroni ni ya watoto. Yeye ana sinekdoki. Herman akatoa onomatopia. Wakatupiana hivyo mpaka chai ikapoa. Ugomvi wenyewe ulikuwa mmoja tu: nani awaandae kidato cha nne kwa mtihani?

Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Ndaki, ni mtoto wa manju. Baba yake aliongoza ngoma miaka mingi, na huku Usukumani ngoma haiamuliwi na majaji waliokaa mezani. Baada ya mavuno, manju wa Wagika na manju wa Wagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, wanacheza wakati mmoja, kila mtu upande wake wa uwanja, na watu wanakimbilia wanakopenda. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Hiyo ndiyo mbina. Ndaki akapiga meza.

"Kila Jumamosi, nyote wawili, uwanjani. Watoto wataamua kwa miguu yao."

"Mkuu," nikasema, "umati utajuaje nani anafundisha vizuri?"

"Mwalimu Mariana, sukari haijakolea."

Basi ubao ukawekwa kila mwisho wa uwanja. Huku Herman amepanda juu ya meza anapaza sauti, "Metafa!" na wanafunzi wanaitikia, "Metafa!" Kule Telesphori anapunga usinga wa mkia wa ng'ombe, "Sinekdoki!" Baada ya Jumamosi chache wazazi walikuja, bodaboda wakaja, wauza karanga wakaja. Sentensi hazikuandikwa. Herman aliwahi kuandika moja, ndefu kidogo, akageuka kutoka ubaoni na kukuta nusu ya watu wake wamehamia kwa Telesphori. Hakurudia. Na Telesphori naye, Mkatoliki safi, mwimba kwaya, nilimkuta asubuhi moja anafukia kitu chini ya ubao wake. Nilipomuuliza akasema ni chaki.

Sisemi istilahi ni mbaya. Mimi mwenyewe nafundisha tashbihi na sitiari, na nazipenda. Lakini kwanza mtu awe na la kusema. Chumvi hailiwi peke yake, ukasema umekula.

Ningecheka na kunyamaza kama si Zipora. Zipora ni binti wa kaka yangu, yuko kidato cha nne hapahapa, naishi naye. Mama yake, wifi yangu Dorika, alifariki kwenye zahanati moja akijifungua, na Zipora, bado mdogo, alikuwa amekaa nje ya mlango anasikia. Dorika alisema, "Nesi, nakufa." Nesi akamjibu, "Acha kudeka, wote mnasema hivyo." Tangu siku hiyo mtoto huyu anataka kitu kimoja tu duniani, kuwa nesi. Na mwaka huu mlango ulifunguka: chuo cha uuguzi cha masista, kule upande wa Ushirombo, kilisema kitachukua msichana mmoja kutoka shule yetu na kumsomesha. Sista Tereza wa chuo hicho angekuja kuzungumza na wasichana walioomba, kwa Kiingereza, maana masomo yenyewe ni ya Kiingereza.

Badala ya kujifunza kuzungumza, Zipora akawa mwitikiaji mkuu wa Telesphori. Ana sauti, na kichwa chake kinashika. Nyumbani hakukukalika. Nikisema, "Zipora, nimekwambia mara elfu moja uoshe masufuria," ananijibu, "Hapaboli, shangazi," yaani natia chuku. Nikisema mwaka huu mvua imetununia, "Pasonifikesheni." Nikisema mgongo unaniua, "Hapaboli tena." Na masufuria yako palepale.

Jioni moja nikamwambia, "Hebu nieleze kwa Kiingereza leo umeshindaje."

Akavuta daftari, akapekua. "Hiyo haipo kwenye notisi."

"Na Sista akikuuliza hiyohiyo?"

Akacheka. "Shangazi, kwani huuoni umati?"

Sista Tereza alifika Jumamosi, bila kujua Jumamosi kwetu ni siku gani. Ndaki alimkalisha kwenye ofisi ya walimu na kuamuru madirisha yote yafunguliwe, watu waone. Mimi nilikuwa pembeni na birika langu. Wasichana wa upande wa Herman waliingia, wakataja walivyotaja, wakatoka. Kisha akaitwa Zipora.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Shikamoo."

"Milele amina. Marahaba, mwanangu. Kaa."

Sista akahamia Kiingereza, polepole, kwa upole: kwa nini unataka kuwauguza wagonjwa?

Zipora akasimama wima. "Retorikali kwesheni!"

Na akanyamaza, kwa sababu Telesphori aliwafundisha kwamba swali la namna hiyo halihitaji jibu. Madirishani vigelegele vikapigwa. Mtu akapuliza filimbi. Sista akaweka kalamu chini, akangoja kelele zitulie, akauliza tena. Mgonjwa amekushika mkono, anakwambia, nakufa. Utafanya nini?

"Hapaboli!"

Umati ukalipuka. Nje walimbeba Telesphori juujuu, usinga wake ukipepea, na Ndaki alikuwa anapiga makofi na kuniangalia, kana kwamba na mimi nimeshinda. Mimi nikaweka birika chini, nikatoka nje. Zipora akatoka mbio, uso unang'aa.

"Shangazi, umesikia? Tumewafunika!"

Nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya jiko la shule. Nilikuwa na hasira, ila si kwake.

"Ng'wana wane, mwanangu, mama yako alisema nini siku ile?"

Tabasamu likabaki usoni kidogo, halafu likaondoka. "Alisema anakufa."

"Nesi akamjibuje?"

Alitazama chini, akaanza kukunja ncha ya sketi yake, na machozi yakamtoka. Kisha akauchomoa mkono wake, akarudi ofisini. Sista alikuwa anafunga mkoba wake.

Zipora hakusubiri kukaribishwa. Kiingereza alichosema kilikuwa kinachechemea miguu yote, na nikikiweka kwa Kiswahili kilikuwa hivi: "Mama kusema nakufa. Nesi kusema hapana. Mama kufa. Mimi mlangoni, mimi kusikia. Mgonjwa akisema nakufa, mimi kukaa, mimi kushika mkono, mimi kuita daktari. Mimi si kuondoka."

Madirishani watu wakangoja istilahi. Istilahi haikuja.

"Ameishiwa," akasema bodaboda mmoja.

"Dawa ya Telesphori imekwisha nguvu," akajibu mwenzake.

Wakaanza kubanduka dirishani mmoja mmoja. Upande wa pili wa uwanja Herman alikuwa ameshapanda mezani na neno jipya, refu kuliko yote, na wote wakamkimbilia, wauza karanga wakiwa mbele. Sista alifungua tena mkoba, akakaa, akamuuliza Zipora jina la mama yake. Baada ya hapo waliongea kwa sauti ya chini, na mimi nikaenda kuchemsha maji mengine.

Ndaki aliingia wakati Sista anamalizia chai. "Pole sana, binti," akamwambia Zipora. "Ulianza vizuri. Leo mshindi ni Mwalimu Herman, kila mtu ameona."

Sista akaweka kikombe chini. Akamgeukia Zipora. "Ukifaulu mtihani wako, njoo Januari. Lete shuka mbili, na viatu visivyopiga kelele. Wodini watu wanalala."

Ndaki alimsindikiza mpaka kwenye gari, na kurudi akiniuliza kama Sista ana uzoefu wa kusaili.

Jumamosi iliyofuata uwanja ulijaa kama kawaida. Zipora hakwenda. Alikuwa jikoni kwangu anasugua masufuria, na mimi nikakaa kwenye kigoda, nikanyoosha miguu.

"Leo mgongo unaniua," nikasema, kwa mazoea tu, huku nasubiri jibu lake.

Akaweka sufuria chini, akajifuta mikono.

"Wapi, shangazi?" akasema. "Nionyeshe."